Kilo za Nyuma Zinaua: Pima Remorki Mbele ya Kuikokota

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani munaosoma ukurasa huu pamoja na watoto, leo hatuzungumzi juu ya kofia wala viatu vya kazi. Tunazungumza juu ya remorki, ile munayoifunga nyuma ya kamyoneti siku ya Jumamosi kwenda kutafuta mahindi, makala au matofali.

Ndani ya mugodi hakuna mutu anayeinua muzigo bila kujua uzito wake. Kizimba kinachoshusha watu kina kibao: watu wangapi, kilo ngapi. Mashine ya kuinua ina kibao vilevile, na ukipita kipimo, mukubwa wa usalama anasimamisha kazi. Lakini mufanyakazi yule yule, akifika nyumbani, anajaza remorki kwa jicho tu, anaipiga teke moja kwenye mupira, anaingia njia ya Likasi. Kwa nini akili ya kazini tunaiacha mulangoni pamoja na kofia?

Maoni yangu ni haya: remorki isitoke uani kama mwenyewe hajui kilo zinazolala juu ya kiungo. Na mutu asifikiri kwamba atanunua chuma cha kumuondolea kazi hiyo ya kupima.

KWA NINI REMORKI INACHEZA

Wengi wanasema: «Ni barabara mbaya.» Wengine: «Ni upepo wa kamyo kubwa iliyotupita.» Barabara na upepo vinaanzisha tu. Kinachoendelesha muchezo ni namna muzigo ulivyopangwa.

Remorki yenye uzito mwingi mbele ya magurudumu yake inafuata motokari sawa mbuzi anayefuata kamba. Ikisukumwa pembeni, inarudi yenyewe. Remorki yenye uzito mwingi nyuma ya magurudumu inafanya kinyume: mukia unakwenda kuume, unarudi kushoto kwa nguvu zaidi, kisha kuume tena, mpaka unavuta na mugongo wa kamyoneti. Mwendo ukiongezeka, muchezo nao unaongezeka. Shofere hodari naye anaweza kushindwa.

Kwa hiyo kiungo lazima kibebe sehemu ya uzito. Kule Amerika, ambako watu wengi wanakokota nyumba za safari zenye magurudumu, kanuni yao ni 10 mpaka 15 juu ya mia ya uzito wote wa remorki pamoja na muzigo. Ulaya wanatumia kilo chache zaidi, mara nyingi 5 mpaka 7 juu ya mia, maana viungo vyao na motokari zao vimefanywa kwa kipimo kingine. Wewe angalia kibao cha kiungo chako na kitabu cha motokari yako. Kilo zilizoandikwa pale usizipite hata siku moja.

HESABU YA MIFUKO MITATU

Tuchukue mufano. Remorki pamoja na muzigo ina kilo 1 200. Toka kiungo mpaka ekseli ni metre 3. Muzigo umepangwa vizuri, kiungo kinabeba kilo 120, yaani 10 juu ya mia. Sasa mwenyewe anaona nyuma ya kamyoneti imeshuka kidogo. Anasema: «Tupunguze.» Anatwaa mifuko 3 ya kilo 50 iliyokuwa juu ya ekseli, anaipeleka mwisho kabisa wa remorki, metre 1,60 nyuma ya ekseli.

Kilo 150 mara 1,60 ni 240. Gawanya kwa 3: ni kilo 80. Kiungo kilikuwa na 120, sasa kimebaki na 40, yaani kidogo kupita 3 juu ya mia. Kamyoneti imesimama vizuri, mwenyewe amefurahi, jirani anamusifu. Lakini remorki ile ilikuwa salama, na sasa ni hatari. Uzito wote haukubadilika hata kilo moja. Ni mahali pake tu pamebadilika.

Ndiyo sababu ninasema jicho ni shahidi wa uongo.

PUA INAPOPANDA

Je, tukiweka uzito mwingi sana mbele? Hapo tunapata shida ingine. Remorki ya kilo 2 000 inayokandamiza kiungo kwa kilo 240 haiongezi kilo 240 tu juu ya magurudumu ya nyuma. Kiungo kiko nyuma ya ekseli, kinafanya kazi sawa mutu anayekaa mwisho wa ubao wa bembea. Kama toka ekseli ya nyuma mpaka kiungo ni metre 1,25, na toka ekseli mpaka ekseli ni metre 3, magurudumu ya mbele yanapoteza kilo 100, na ya nyuma yanapata kilo 340.

Magurudumu ya mbele ndiyo yanayogeuza motokari, na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kufunga freni. Yakiwa mepesi, usukani unakuwa laini mkononi, na siku ya mvua motokari inakwenda mbele hata ukikata kona. Tena taa zinaangalia mbinguni: usiku unamupofusha mwenzako anayetoka Kolwezi.

FITO ZA KUGAWANYA UZITO

Juu ya shida hiyo, Waamerika wanatumia kiungo chenye fito mbili za chuma kinachonesa. Fito zinatoka kwenye kichwa cha kiungo, zinapita chini ya mukono wa remorki, na mwisho zinavutwa juu kwa munyororo au kwa vishikio. Zikivutwa, zinasukuma sehemu ya uzito kurudi kwenye magurudumu ya mbele, na sehemu ingine kwenye magurudumu ya remorki.

Namna ya kuzirekebisha si siri. Simamisha vyote mahali pa sawa, muzigo na watu ukiwahesabu sawa siku ya safari. Pima toka udongo mpaka ukingo wa bati juu ya gurudumu la mbele, remorki haijafungwa: tuseme sentimetre 90. Funga remorki bila fito: pua inapanda, unapata 94. Sasa vuta fito, pima tena. Viwanda vingi vinataka angalau nusu ya ile iliyopanda irudi, yaani 92 katika mufano wetu. Vingine vinataka zaidi. Kitabu cha motokari ndicho kinachoamua. Lakini usishuke chini ya 90 ile ya kwanza: hapo umeondoa uzito mwingi sana nyuma, na mugongo wa motokari utateleza.

Kama haitoshi, punguza pete moja ya munyororo, au laza kichwa cha kiungo kidogo kuelekea remorki. Mbele ya kuvuta fito, funga kikombe cha kiungo, kisha inua mukono wa remorki kwa jeki pamoja na mugongo wa motokari, ili fito zisiwe na nguvu nyingi. Usiiname juu yake. Fito iliyovutwa ikiponyoka inaweza kuvunja mukono au meno.

Sasa musikilize vizuri. Fito hizi zinagawanya uzito, haziondoi uzito. Haziongezi nguvu ya kiungo, wala ya freni, wala ya mipira. Remorki yenye mukia muzito haiponi kwa fito. Tena zinapinda mukono wa remorki kwa nguvu kubwa: mukono uliochomelewa uani na chuma chembamba unaweza kuvunjika. Zilifanywa kwa njia nzuri ya lami. Katika mashimo makubwa na mifereji zinaweza kupata nguvu kupita kipimo. Viwanda vingine vya motokari vinazikataza kabisa. Kwa njia zetu na remorki zetu, maoni yangu ni wazi: punguza muzigo, uupange vizuri, ukwende polepole. Hayo hayauzwi dukani.

WATU WANASEMA

«Nimekokota hivi miaka kumi, sijapata aksida.» Ndugu, bahati si kipimo. Hata mugodini, jiwe lililoanguka leo lilikaa juu miaka mingi.

«Safari mbili ni mafuta mara mbili.» Ni kweli, na feza ni ngumu. Lakini pembeni ya barabara kuna wale wanaosukuma kinga zenye mifuko ya makala, kuna mama na watoto wanaotoka shamba. Mukia wa remorki unaofagia njia hauwapigi hodi. Mafuta uliyookoa hayalipi uhai wa mutu asiyejua hata jina lako.

«Watoto watakaa juu ya mifuko, watashikilia muzigo.» Hapana. Remorki si ya watu. Mutoto aliye juu ya muzigo ni wa kwanza kutupwa.

MBELE YA KUTOKA UANI

1. Weka vitu vizito chini, karibu na ekseli, kidogo mbele yake. Vyepesi ndivyo viende juu na nyuma. Funga vyote kwa kamba. Muzigo unaotembea unaharibu hesabu.

2. Pima uzito wa kiungo. Kama mizani ya nyumbani ni ndogo, weka ubao wenye nguvu: upande mumoja juu ya tofali, upande mwingine juu ya mizani. Mukono wa remorki ukandamize ubao mahali palipo mbali na tofali sehemu 1, na mbali na mizani sehemu 2. Soma mizani, toa ile iliyosoma kwa ubao peke yake, kisha zidisha mara 3.

3. Remorki isimame sawasawa, pua isielekee juu.

4. Hakikisha kikombe kimefunga kichwa cha chuma. Jaribu kuinua mukono kwa jeki: nyuma ya motokari lazima ipande pamoja nao. Minyororo ya usalama ipite chini ya mukono kwa musalaba.

5. Angalia upepo wa mipira, taa na freni. Baada ya kilometre chache simama, uangalie tena.

6. Remorki ikianza kucheza: toa muguu kwenye mafuta, shika usukani uwe wima, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage freni kwa nguvu, usiongeze mbio, usipigane na usukani. Kama remorki ina freni yake ya mukono kwa shofere, itumie peke yake, polepole. Kisha simama mahali pema, upange muzigo upya. Usiendelee hivihivi.

Na ninyi mama, mifuko ni yenu pia. Baba akisema «weka tu nyuma kabisa», mumuulize: «Umepima?» Si kumuzarau. Mukubwa wa usalama anamuuliza vilevile kila siku kazini, naye anajibu bila kukasirika.

Kilo haina urafiki na mutu. Ipime uani, isikupime barabarani.