Maji ya Sinki Yaenda Wapi?

Mwaka huu sikuja na hadithi wala shairi. Nimekuja na swali la maabara. Najua wako watakaosema, "Mtu wa Kiswahili ametafuta nini kwenye kemia?" Basi nisikilizeni kwanza, kicheko kitakuja baadaye.

Kila aliyesoma kemia amefanya lile jaribio la risasi. Si risasi ya bunduki, jamani, ni yale madini mazito ya kijivu. Unatia maji ya nitrati ya risasi katika testityubu, unaongeza matone machache ya iodidi ya potasiamu, na papo hapo rangi inageuka manjano iliyokolea kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ukipasha moto inayeyuka, ikipoa inarudi ikimetameta kama vumbi la dhahabu. Darasa zima hupiga mayowe. Kisha tunaandika kile tulichokiona, kengele inalia, na sisi arubaini tunapanga foleni kwenye sinki. Tunamwaga, tunasuuza, tunakimbilia chai.

Hebu chukua kalamu tupige hesabu, maana hesabu hii tumefundishwa. Mtu akitumia sentimita 2 za ujazo za myeyusho wenye moli 0.1 kwa lita, ameshika kama miligramu 41 za risasi. Wanafunzi 40 wanafikisha gramu 1.6 na kitu. Sukari ya uzito huo haijazi hata nusu ya kijiko cha chai. Lakini Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za risasi. Gawanya sasa. Utapata lita zaidi ya 160,000, yaani matangi 16 ya yale makubwa ya lita 10,000, yote yafikishwe kwenye kiwango hicho cha mwisho na darasa moja katika kipindi kimoja! Sidai kwamba risasi yote inaishia katika kikombe cha mtu. Nyingine huenda ikatuama kwenye tope la shimo. Ila risasi haiozi kama ganda la ndizi. Itakaa huko huko ikingojea mvua kubwa, sisi tukiwa tumeshasahau hata jina la kemikali yenyewe.

Maoni yangu ni haya: maadili ya sayansi hayafundishwi kwa hotuba ya siku ya wazazi. Yanafundishwa pale kwenye sinki, mkono ukiwa umeshika testityubu. Na kwa sasa sinki inatufundisha kwamba kazi ya mwanasayansi inakwisha rangi ikishaonekana.

Mazoea haya hayakuanzia kwetu. Mwaka 1921 huko Marekani mhandisi mmoja, Thomas Midgley, akifanyia kazi kampuni ya General Motors, aligundua kwamba petroli ikitiwa kemikali yenye risasi injini haigongi-gongi tena. Ugunduzi ulifanya kazi vizuri mno. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha mafuta huko New Jersey walikufa kwa sumu hiyo. Unajua bwana yule alifanya nini? Aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa ile kemikali na kuivuta puani mbele yao ili waone haidhuru, ilhali mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kupumzika kazi kwa sababu ya risasi iyo hiyo. Akili hakukosa. Petroli yake ikaenea dunia nzima, Afrika ikiwemo, na nchi ya mwisho kuiacha kwenye magari ya kawaida ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tangazo la kwisha kwake lilitolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Nairobi. Miaka mia moja kamili, kwa jambo ambalo wenye kulifanya walijua madhara yake tangu mwanzo.

Na asije mtu akasema hayo ni ya Wamarekani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Ukilitazama haraka ni wazo zuri sana, la kutumia tena kilichotupwa. Lakini moshi na maji machafu viliingia majumbani mwa watu, na watoto ndio walioumia zaidi, kwa kuwa mwili wa mtoto hufyonza risasi kuliko wa mtu mzima. Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alipoona mwanawe mchanga ameugua, alianza kupiga kelele hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi hadi Mahakama ya Juu. Pesa hizo zote hazimrudishii mtoto yeyote damu safi.

Kwa hiyo napendekeza. Tuwe na chupa ya taka maabarani, iandikwe RISASI kwa wino usiofutika. Ikijaa, tutie kabonati ya sodiamu, jamaa yake yale magadi tunayochemshia maharagwe. Risasi itashuka chini kama unga mweupe. Tuuchuje, tuukaushe, tuupime, kisha tuufungie kabatini hadi apatikane wa kuupokea, badala ya kuutupa jalalani. Huo nao ni mwanga wa kemia, tena mtamu kuliko ule wa manjano. Wanaosema silabasi haina nafasi, kwani haya si silabasi?

Vivyo hivyo kwa miradi yetu ya maonyesho ya sayansi. Mtu anatengeneza sabuni kwa kostiki soda, anawagawia wanafunzi wapya waijaribu, viganja vinababuka, wakubwa wanacheka. Kwani hao ni panya? Ajaribu kwanza kwa karatasi ya litmasi, ajaribu kwa mkono wake, na mwenye kupewa aambiwe kuna nini ndani na awe na ruhusa ya kukataa. Ningependa walimu wetu watoe alama kwa hilo tunapochagua miradi ya kuwakilisha shule. Mradi ambao mwenyewe hajui unaacha nini nyuma yake ubaki nyumbani, hata ukiwa unawaka taa saba.

Chupa ya kuanzia si tatizo. Jikoni kuna mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia, ya lita 20, na nimeshamwomba mpishi mkuu atuwekee mmoja. Kinachosubiriwa ni neno la mwalimu wa kemia.