Mwana Akiuliza: Mungu Alikuwa Wapi?

Himdi zote zamthibitikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alisalia barazani hadi wenzake wakaondoka. Alikuwa amemzika bintiye wa miaka minne, aliyetumbukia katika kisima kisichofunikwa. Lakini hakuja kwa ajili ya aliyekufa. Alikuja kwa ajili ya aliye hai. Kijana wake wa kidato cha tatu aliuliza mbele ya watu matangani: ikiwa Mungu yupo, naye ni Mwenye kurehemu na Muweza, alikuwa wapi siku ile? Ami yake alimpiga kofi akamwita kafiri. Tangu hapo kijana haswali, wala hasemi na mtu.

Tulimwambia mama: mwanao ameuliza, hakukufuru. Malaika wenyewe, walipopewa habari ya khalifa atakayewekwa ardhini, waliuliza iweje awekwe atakayefanya ufisadi na kumwaga damu. Hawakufukuzwa, walijibiwa kuwa Mola ajua wasiyoyajua.

Swali hili lina matawi mawili. La kwanza ni kuwapo kwa Mungu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), alitoa hoja fupi: kila kilichoanza kuwapo kina sababu; ulimwengu ulianza; basi una sababu yake. Msiba, uwe mzito vipi, hauiondoi hoja hiyo mahali pake.

La pili ndilo linalouma: mbona afe asiye na dhambi? Muutazila walidai kuwa ni wajibu kwa Mungu kumfanyia kila mja lililo bora zaidi kwake. Yasimuliwa kuwa Abul Hasan al-Ash'ari alimuuliza mwalimu wake, al-Jubbai, kuhusu ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto. Mtoto akisema, "Mola, ungeniacha nikue nikutii," ataambiwa kuwa angekua angeasi. Hapo kafiri naye atauliza: mbona mimi sikufishwa mdogo? Mwalimu alikosa jibu. Funzo letu ni kuwa hekima ya Mola ipo, ila daftari la kila kifo halimo mikononi mwetu.

Kwa hivyo tunawaonya wanaokwenda kuhani msiba. Wengine humwambia mfiwa, "Pengine angekua akawa mwovu," wakidhani wanafuata kisa cha Khidhri. Khidhri alisema kwa elimu aliyopewa na Mola wake, sisi hatukupewa. Na hata Nabii Musa, aliyekuwa pamoja naye, hakuweza kustahimili kutouliza.

Tumtazame Mtume wetu (S.A.W.). Aliwazika watoto wake wote isipokuwa Bibi Fatma. Alipofariki mwanawe mdogo, Ibrahim, alilia, akasema kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhi Mola. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Angaliweza kunyamaza akajiliwaza kwa maneno yao. Alikataa: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Imani yake haikuhitaji kujengwa juu ya uongo, na machozi yake hayakuipunguza.

Limebaki jambo moja, nalo ni kisima. Tusimsingizie Mola kwa uvivu wetu. Majirani wote walikijua kile kisima, na kila mmoja alingoja mwenzake akifunike. Kusema "ni kadari" ni haki; kukiacha wazi baada ya kusema hivyo ni dhulma kwa mtoto wa pili.

Basi, enyi kina mama na kina baba, kijana akiuliza, kaeni naye. Msimjibu kwa kofi, wala msimjibu kwa msilolijua. Mwambieni kuwa nanyi mnaumia, kisha mwombeeni dua akisikia. Ami tumemwita, naye ameahidi kumtaka radhi mpwawe. Tumewaomba pia waende wawili, ami na kijana, wakakifunike kile kisima kwa mikono yao. Twatumaini kuwa sala yake itarudi kwa njia hiyo, mapema kuliko kwa hoja zetu.

Wallahu aalam.