Noti Imeshitakiwa, Mwenyewe Hakushitakiwa

Kila mwisho wa mwezi, fedha za ada zinapomwagwa mezani tawini kwetu ili zihesabiwe, pua hufanya kazi kabla ya vidole. Noti hii yanuka dagaa, hii mafuta ya taa, ile imekaa na karafuu. Mara nyingi noti yenye harufu ya samaki huletwa na mwalimu wa shule, wala hajatokea mwanachama hata mmoja aliyesema kwamba mwalimu sasa amekuwa mvuvi. Sote twajua safari ya noti. Asubuhi ilikuwa sokoni, adhuhuri dukani, jioni imerudi chenji kwa mwalimu.

Ndugu wasomaji, tumeanza na jambo dogo namna hii kwa sababu huko Marekani, nchi inayopenda kuwafundisha wengine habari za haki, jambo hili hili limefanywa kuwa ushahidi wa kumnyang'anya mtu mali yake. Hatusemi hivyo kwa chuki. Habari zenyewe zimo katika hukumu za mahakama zao.

Mwaka 1991, Mmarekani mweusi mmoja wa mji wa Nashville, kazi yake kutengeneza bustani za watu, alikwenda uwanja wa ndege kukata tikiti ya kwenda Houston kununua miche. Alilipa kwa fedha taslimu, na mfukoni alikuwa na kama dola 9,000, kwa kuwa wauzaji wa miche walipenda kulipwa taslimu. Karani wa tikiti akawapasha habari maofisa. Wakaja, wakampekua, wasione dawa za kulevya wala silaha. Wakamleta mbwa, mbwa akaonyesha kuwa fedha ile ina harufu ya dawa. Basi wakachukua fedha yote, na yeye wakamwacha aende zake. Hakukamatwa wala hakushitakiwa. Alipoomba fedha ihesabiwe mbele yake walikataa, wakampa stakabadhi isiyotaja kiasi.

Msomaji atauliza: mtu hana shitaka, fedha yake imechukuliwa kwa sheria gani? Hapo ndipo penye hila. Katika sheria ya Marekani ya namna hii anayeshitakiwa si mtu, ni mali. Kesi huandikwa Serikali ya Marekani dhidi ya dola kadhaa, au dhidi ya gari fulani, au dhidi ya nyumba fulani. Dola hazina mdomo wa kujitetea. Mwenye dola hubidi aingie katika kesi kama mgeni, aombe asikilizwe. Na siku hizo za 1991, kabla ya kusikilizwa, ilimpasa aweke dhamana, kwa kawaida sehemu ya kumi ya thamani ya mali iliyokamatwa. Yaani umeninyang'anya fedha zangu, kisha waniambia nilete fedha nyingine ili nipate kuuliza kwa nini umeninyang'anya!

Mtengeneza bustani huyo alishika mlango wa mahakama asiuachie. Mwaka 1993 jaji aliamuru arudishiwe fedha yake. Katika shauri lile ulitolewa ushahidi kwamba noti nyingi mno zinazozunguka Marekani, hata kufika 97 katika kila 100, zina chembe za kokeini. Mwaka uliofuata, mahakama ya rufani ya majimbo ya magharibi, katika shauri la dola 30,060, nayo ilielezwa kwamba zaidi ya robo tatu ya noti za Los Angeles zina uchafu wa dawa, ikaona kwamba alama ya mbwa katika hali hiyo haina uzito.

Wataalamu wamelipima jambo hili mara nyingi. Mwaka 2009 Profesa Yuegang Zuo wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth alitoa matokeo ya noti 234 zilizokusanywa katika miji 17 ya Marekani. Kama 90 katika kila 100 zilikuwa na kokeini, na Washington, makao makuu ya serikali yenyewe, zilifika 95. Noti nyingine zilikuwa na chembe isiyoonekana kabisa, nyingine zaidi ya mikrogramu 1,240, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Noti za Kanada na Brazil nazo zilikutwa na uchafu mwingi, za China na Japani kidogo. Sababu haina uchawi. Mvutaji huikunja noti akaifanya mrija wa kuvutia unga puani. Noti hiyo huingia benki, hupitishwa katika mashine ya kuhesabia pamoja na noti mia nyingine, na mashine huzipaka zote. Noti ya Marekani imetengenezwa kwa pamba na kitani, na nyuzi hizo hushika unga zikaukalia.

Tusiwafiche wasomaji hoja ya upande wa pili. Wapo wataalamu wasemao kwamba mbwa hanusi kokeini yenyewe bali mvuke unaotokana nayo, ambao hupotea upesi, na kwa hiyo mbwa akionyesha alama maana yake noti imegusana na dawa siku za karibuni na kwa wingi. Mahakama moja ya rufani ya Marekani iliikubali hoja hiyo mwaka 2005. Sisi si wakemia. Lakini hata tukikubali kwamba mbwa hakosei, mbwa amesema nini? Amesema noti iligusa dawa. Hakusema mkononi mwa nani. Noti ya dagaa ilinuka kweli siku ile mwalimu alipoileta, na aliyeuza dagaa hakuwa yeye.

Basi yafaa tujiulize kwa nini ushahidi dhaifu namna hii haukufa siku ile majaji walipouona udhaifu wake. Ulidumu. Mwaka 2003 katika jimbo la Nebraska, dereva mmoja alisimamishwa barabarani akiwa na dola 124,700 ndani ya sanduku la barafu. Alisema ni michango ya watu kadhaa waliotaka kununua lori lenye jokofu. Ni kweli kwamba mwanzoni alidanganya akaficha fedha, na hilo lilimponza. Lakini dawa hazikuonekana, na jaji wa kwanza aliamua fedha irudishwe. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ikapindua hukumu, majaji wawili kwa mmoja, na alama ya mbwa ikawa mojawapo ya mambo yaliyotiwa katika mizani.

Jibu la swali letu limo katika hesabu, si katika kemia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoanzisha mfuko wa mali zilizotaifishwa, ikaruhusu polisi wa majimbo na miji wanaoshirikiana na serikali ya shirikisho kupata fungu la mali wanazosaidia kukamata. Fungu hilo huweza kufika 80 katika kila 100. Hapo askari akawa mchumaji. Anayekamata ndiye anayekula, na anayekula hawezi kuwa na haraka ya kutafuta ushahidi bora kuliko ule unaomlisha. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilihesabu ukamataji wa fedha taslimu usiokuwa na hati ya mahakama tangu Septemba 2001 chini ya mpango huo wa mgawo peke yake: mara 61,998, jumla zaidi ya dola bilioni 2.5.

Na ni nani anayesimamishwa? Katika mji mdogo wa Tenaha, jimbo la Texas, wasafiri walisimamishwa barabarani, wengi wao weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, wakatakiwa kuchagua: watie sahihi ya kuiacha fedha, au washitakiwe, na wengine wakaambiwa watanyang'anywa hata watoto wao. Kesi ilifunguliwa mwaka 2008, ikamalizwa kwa mapatano mwaka 2012. Tajiri mwenye hawala ya benki na wakili wake habebi fedha taslimu. Abebaye ni kibarua, mwenye kibanda, mhamiaji, na mtu mweusi ambaye baba yake alifungiwa mlango wa benki. Umaskini wenyewe ukawa dalili ya kosa.

Sheria hii ina asili ambayo sisi tuliotawaliwa na Mwingereza hatuna budi kuijua. Waingereza waliitumia katika makoloni yao ya Amerika kwa njia ya sheria za forodha na meli. Chombo kilishitakiwa chenyewe, na kikitaifishwa thamani yake iligawanywa mafungu matatu: moja la mfalme, moja la gavana, moja la aliyepeleka habari. Mwaka 1768 maofisa wa forodha walikamata merikebu iitwayo Liberty, maana yake uhuru, mali ya mfanyabiashara John Hancock, bandarini Boston, na mji ukachafuka. Hancock huyo ndiye aliyetia sahihi kubwa kuliko zote katika tangazo la uhuru wao mwaka 1776. Lakini mwaka 1789, Bunge lao la kwanza lilipotunga sheria ya forodha, lilirudisha utaratibu ule ule, na ofisa akapewa fungu lake. Bendera ya mkoloni ilishushwa, na mkono wake ukabaki mfukoni mwa raia.

Kwa haki ya Wamarekani tuseme kwamba wako wanaopigana nalo. Mwaka 2000 Bunge lao liliondoa ile dhamana na kuiwekea serikali mzigo wa kuthibitisha, ingawa ni kwa uzito wa kesi ya madai tu, si wa jinai, na maskini hapewi wakili isipokuwa nyumba anayokaa ndiyo inayotakiwa kutaifishwa. Jimbo la New Mexico lilifuta jambo hili mwaka 2015: pasipo mtu kutiwa hatiani hakuna kutaifisha, na fedha yenyewe huingia katika hazina ya jimbo, si ya polisi. Maine ilifuata mwaka 2021. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa sauti moja kwamba katiba inayokataza faini za kupita kiasi yawafunga hata majimbo. Shauri lilikuwa la gari la dola 42,000 lililokamatwa kwa kosa ambalo faini yake ya juu kabisa ilikuwa dola 10,000. Lakini mwaka 2024 Mahakama hiyo hiyo, majaji sita kwa watatu, ilikataa kwamba mwenye gari lililokamatwa ana haki ya kusikilizwa mapema kabla ya kesi yenyewe. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mama aliyemwazima mwanawe gari.

Sasa turudi kwetu, maana asiyesema ya nyumbani husema bure ya jirani. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inao utaratibu wa kukamata na kutaifisha vyombo na bidhaa, na nasaba yake ni ile ile ya Kiingereza. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2009 juu ya mapato ya uhalifu, inaruhusu mali itaifishwe kwa njia ya madai pasipo mwenyewe kutiwa hatiani. Na sisi Tanzania, wazee wametusimulia mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, jinsi watu walivyotupa sabuni na khanga usiku kwa hofu ya kukutwa nazo. Nia ya Ndugu Sokoine ilikuwa njema, na walanguzi walikuwapo kweli. Lakini sheria iliyowanyima washitakiwa mawakili ilibidi ibadilishwe mwaka uliofuata, 1984, na tusione haya kusema kwamba ilistahili.

Tunajua atasimama ndugu mkutanoni aseme: vijana wetu wa pwani wanaangamia kwa heroini, nanyi mwawatetea wenye fedha za unga? La hasha. Mwuza unga akamatwe, ashitakiwe, afungwe, na nyumba aliyoijenga kwa unga ichukuliwe siku hiyo hiyo ya hukumu. Ikihofiwa kwamba atahamisha mali, jaji aizuie kwa muda mfupi unaojulikana, mwenyewe akiwa na haki ya kufika mbele yake. Hayo hayamzuii askari mwema kazi yake. Yanamzuia yule anayemsubiri mfanyabiashara wa mahindi njiani, akijua mavuno yameuzwa. Nasi wenye kubeba ada za chama kwa basi kutoka tawini hadi wilayani, fedha taslimu ndani ya mfuko wa kitambaa, hatuko mbali na mtengeneza bustani wa Nashville. Aliporudishiwa fedha yake, misimu miwili ya kupanda ilikuwa imekwisha kumpita.

Kwa hiyo tumeandika mambo mawili tutakayoyaweka mbele ya mkutano wa wilaya: mali ya mtu isitaifishwe kabla yeye mwenyewe hajatiwa hatiani, na kila senti inayotaifishwa iingie Hazina, isipite katika mfuko wa idara iliyokamata. Tawi lenye maoni tofauti, au lenye jambo la tatu la kuongeza, lituandikie kabla ya ajenda haijafungwa.