MTALII AKISHUKA MGODINI
(Maoni ya Mhariri)



Mtu aweza kuuliza, mfanyakazi ana haja gani ya kulipa kiingilio akatazame shimo ambalo kazi yake imekwisha? Vumbi na moshi tumeviona vya kutosha bila kulipa. Wala sisi watu wa reli si wageni wa shaba, maana njia ya Kasese iliyofunguliwa mwaka 1956 ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Hata hivyo, tusikilize habari za mgodi wa shaba wa Falun, nchi ya Uswidi.

Mgodi huo ulifungwa tarehe 8 Desemba 1992, na mwaka 2001 ukaingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia. Siku hizi watalii huvikwa kofia ngumu na joho, wakamfuata kiongozi wao kushuka ngazi mpaka kina cha mita 67. Huko chini ni baridi hata jua likiwaka juu. Wanaelezwa jinsi wachimbaji wa zamani walivyokoka moto penye mwamba usiku kucha, na asubuhi wakaubomoa pale ulipopasuka kwa joto. Kwa jasho hilo wafalme wa Uswidi walilipia vita vyao katika karne ya 17.

Juu ya ardhi pana shimo kubwa mno, kina chake karibu mita 95. Shimo hilo halikuchimbwa na mtu. Watu walikuwa wamechimba ovyo kila upande, kila mmoja akitaka shaba tu, hata nguzo za mwamba zikadhoofika. Mwaka 1687 mgodi ukaporomoka. Ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, wachimbaji wako nyumbani, hata mmoja hakufa. Watalii wakisikia hayo husema, bahati iliyoje! Sisi twasema siku ya mapumziko iliwaokoa, na bahati haitengenezi nguzo.

Lakini si wote waliopona katika mgodi ule. Mwaka 1677 kijana mmoja, Mats Israelsson, aliingia kazini asirudi. Mwaka 1719 wenzake walikuta maiti ndani ya maji yenye chumvi ya shaba. Maji yale yalikuwa yameihifadhi, uso ni wa kijana vile vile, wala hapana aliyemtambua. Ndipo akaja mwanamke mzee, Margareta Olsdotter, akasema: huyu ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Alikuwa amezeeka kwa miaka 42, na mchumba wake hakuzeeka hata siku moja.

Je, walimzika? La. Walimweka watu wamtazame, mpaka mwaka 1749 ndipo akazikwa. Katika karne ya 19 mifupa yake ikaonekana tena, ikatiwa katika sanduku la kioo, wageni wakaitazama. Alipata kaburi lake la mwisho mwaka 1930.

Ndugu zangu, ipo hati ya mwaka 1288 ya fungu la askofu mmoja katika mgodi huo, nayo imetunzwa vizuri zaidi ya miaka 700. Mwenye fungu ana karatasi. Mchimbaji anayejulikana kuliko wote alijulikana kwa sababu maiti yake haikuoza.

Tusiwacheke watu wa Falun. Wengi wetu tumemzika mwenzetu wa gengi, na baada ya mwaka mmoja tukabaki kuulizana, yule jina lake lilikuwa nani? Kwa hiyo kila katibu wa tawi anunue daftari moja. Aandike humo jina la kila mwanachama aliyekufa kazini, kazi yake, mahali, siku, na sababu ya ajali. Sababu isiachwe, maana ndiyo tutakayoiweka mezani mbele ya mwajiri, ili mwingine asife vile vile.

Siku moja karakana zetu nazo zitatazamwa na watalii. Kiongozi wao akiulizwa ni nani waliofanya kazi hapa, awe na daftari la kufungua.

Umoja ni nguvu.