Umaarufu Si Ridhaa

Neno "maarufu" tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kijulikanacho. Halisemi kwamba kijulikanacho hupendwa, wala kwamba apendwaye amekabidhiwa mamlaka. Hata hivyo, katika mazungumzo yetu maana hizi tatu huchanganywa kana kwamba ni moja. Kisa cha Mikheil Kavelashvili, mshambuliaji mstaafu wa Georgia, chatulazimu tuzitenganishe.

Kavelashvili alijulikana kwa haki. Tarehe 6 Aprili 1996, katika mechi yake ya kwanza akiwa na Manchester City, alifunga bao dhidi ya watani wao wa jadi, Manchester United, ingawa City walishindwa 3-2. Baadaye alisakata kabumbu kwa miaka mingi nchini Uswisi na kuichezea timu yake ya taifa. Umaarufu huo aliutolea jasho.

Tarehe 14 Desemba 2024 alichaguliwa kuwa rais. Mnamo 2018 Wageorgia walikuwa wamemchagua rais wao kwa kura ya moja kwa moja. Safari hii kazi hiyo ilifanywa na jopo la wajumbe 300. Mgombea alikuwa mmoja tu. Wajumbe 225 walihudhuria, na 224 wakamuunga mkono. Upinzani ulisusia, ukidai kwamba uchaguzi wa bunge wa Oktoba ulikuwa na udanganyifu. Nje ya bunge jijini Tbilisi, waandamanaji walicheza mpira na kuliinulia jengo hilo kadi nyekundu.

Wapo waliomkejeli kwa kuwa ni mwanasoka asiye na shahada. Kejeli hiyo siiungi mkono, ingawa sisi wa vyuo vikuu huwa wepesi kuishabikia. George Weah wa Liberia alidharauliwa vivyo hivyo kabla ya kushindwa na Ellen Johnson Sirleaf mwaka wa 2005. Aliwarudia wapiga kura, nao wakampa urais Desemba 2017. Mwaka wa 2023 walimnyima muhula wa pili, naye akakubali kushindwa na Joseph Boakai. Ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka, lakini hii ilipasuliwa na wenyewe walioiwamba.

Yamkini msomaji atasema kwamba katiba ya Georgia iliruhusu utaratibu huo, na kwamba Ujerumani na India nazo humchagua rais kupitia wajumbe. Ni kweli. Lakini aliyechaguliwa hivyo hana budi kuegemea uhalali wa wajumbe waliomchagua. Na uhalali wao ukitiliwa shaka, mabao ya zamani hayawezi kuuziba ufa huo. Weah aliuweka umaarufu wake kwenye mizani ya umma. Wa Kavelashvili haukupimwa.

Basi sisi tunaoshughulika na maneno tusiyatumie ovyo. Mtu aweza kuwa maarufu bila kuwa kipenzi cha watu, na aweza kuwa kipenzi chao bila kuwa mteule wao. Tukiyatumia maneno haya kana kwamba ni visawe, tutakuwa tumempa kiongozi ridhaa ambayo wananchi hawakuombwa.