MCHAGUA JEMBE SI MKULIMA? MIMI NAKATAA!

 Nina neno limenikaa kooni na leo sina budi kulitoa.

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu huitia katika insha hata pasipo na shamba. Sikatai kwamba wahenga walikuwa na busara. Lakini methali hii iliniponza mimi, ikamponza na baba yangu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sisi wanafunzi wa kutwa tunajuana. Mimi natoka upande wa Gazi. Kuja shuleni kwa miguu ni zaidi ya saa nzima, na kwa baiskeli ni kama nusu saa, tairi likikubali. Likikataa, basi bwana, utasukuma baiskeli huku jua linapanda na lango linafungwa. Mwalimu wa zamu hasikilizi hadithi ya mwiba, na simlaumu, maana kila siku kuna mwenye mwiba wake. Muhula wa kwanza mwaka jana nilichelewa mara tisa. Mara saba kati ya hizo kosa lilikuwa la baiskeli. Na kila pancha kwa fundi ilikuwa shilingi 50, pesa ambazo nyumbani hununua unga.

Nikaamua kununua vifaa vyangu mwenyewe. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi mia tisa kwa kuuza mabuyu likizoni. Nilipofika Ukunda nikamwona mchuuzi anatembeza sanduku jekundu linalong'aa, ndani mna vipande arobaini na kitu: spana, bisibisi, vijichuma ambavyo hata majina yake sikuyajua. Sikuuliza swali. Nikajiambia, mchagua jembe si mkulima, spana ni spana. Nikatoa pesa, nikarudi nyumbani kichwa juu. Nilikuwa nimesahau methali nyingine, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Baba yangu ni mchuuzi wa samaki. Alfajiri huwachukua kwa wavuvi, akawafunga kwenye tenga juu ya keria, akaenda nao vijijini kwa ile baiskeli nyeusi ambayo wengi wetu huiita Black Mamba. Jioni ile nilitaka kumfurahisha. Nikaona nati ya gurudumu la nyuma imelegea kidogo, nikachukua spana yangu mpya kuikaza. Nikavuta. Mdomo wa spana ukapanuka kama mdomo wa chewa, ukateleza, ukaila nati pembe zote. Ikawa duara kama shanga. Haikazi wala haifunguki. Mimi nikanyamaza kimya, nikidhani hata hivyo itashika.

Haikushika. Asubuhi, njiani, gurudumu lilivutika upande mmoja, cheni ikatoka, na baba akasukuma mzigo ule kwa miguu. Jua la kwetu mnalijua. Kufikia wanunuzi, samaki wengine aliwauza kwa bei ya kutupa, na wengine aliwatupa kweli. Aliporudi nilimweleza yote huku nalia. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alilitazama lile sanduku jekundu, akasema, "Mwanangu, umenunua sanduku. Spana hukununua."

Maneno yale yaliniuma kuliko kiboko.

Kesho yake tukaenda kwa fundi wetu, yule mzee wa chini ya mkwaju. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akaitazama ile nati akacheka. Ilimbidi aikate kwa tindo. Vyombo vyake vilikuwa vimelala juu ya gunia, nikavihesabu: kumi na kimoja tu. Kumi na kimoja, na kijiji kizima kinamtegemea! Akaniuliza, "Baiskeli yenu ina nati za namba gani?" Nikasema sijui. "Sasa ulinunua spana za nini?"

Msomaji, jiulize swali hilo kabla hujatoa hata senti. Maoni yangu ni haya: kila nyumba yenye baiskeli iwe na vifaa vyake vya kuitunza, lakini vichaguliwe kimoja kimoja, na atakayechagua ni baiskeli yenyewe, sanduku halina kauli.

Kwanza, ijue baiskeli yako. Chukua karatasi, uzunguke baiskeli kutoka mbele hadi nyuma, uandike kila nati na kila bolti. Ya baba, nati kubwa za magurudumu zinataka spana namba 15, na ndogo za siti na breki zinataka namba 13 na namba 10. Ya kwangu ni ya mtumba, ile ya gia, nayo karibu kila kitu hufunguliwa kwa funguo za Allen, vile vijichuma vilivyopinda kama herufi L, hasa namba 4, 5 na 6. Mnaona? Nyumba moja, baiskeli mbili, mahitaji mbalimbali. Na kama babu yako alikuachia baiskeli kuukuu ya Uingereza, huenda nati zake ni za vipimo vya inchi, na spana ya milimita itazichezea tu mpaka iziharibu.

Pili, nenda dukani na nati mfukoni. Siri hii nilipewa na fundi, nami nawapa bure. Ivishe spana hiyo nati palepale kaunta. Ikicheza, rudisha. Spana nyingi nzuri huchorwa maneno Chrome Vanadium, lakini maneno huandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo iamini nati yako zaidi. Kwa nati ngumu chagua spana ya ringi, ile inayoizunguka nati nzima, kwa sababu hushika pembe zote sita, na ile ya mdomo wazi hushika ubavu huu na ule tu. Tena usichukue kifupi cha mchezo. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba ukivuta kwa nguvu ileile mbali mara mbili na nati, unapata mzunguko wa nguvu mara mbili. Mimi nilidhani yale ni ya mtihani tu. Kumbe ni ya gurudumu la baba!

Tatu, anza na yale yanayokusumbua kila siku. Tangu John Boyd Dunlop atengeneze tairi lake la upepo kule Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, miba haijaacha kazi, na huku kwetu tuna michongoma ya ua, vipande vya kombe na mawe makali ya matumbawe. Basi vya kwanza ni vya pancha: pampu, vijiti viwili au vitatu vya kubandulia tairi, viraka, solusheni na kipande cha msasa. Tafadhali usibandue tairi kwa bisibisi. Unaziba tundu moja na kutoboa mawili. Tyubu itie upepo, izamishe ndani ya karai la maji, utazame mapovu yanapotoka. Ikaushe, isugue kwa msasa, paka solusheni, kisha ngoja. Ngoja, narudia! Wengi wetu hubandika kiraka gundi ikiwa mbichi, halafu tunalaumu kiraka. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole polepole ndani ya tairi, maana mwiba ulioingia asubuhi bado umo unakungoja.

Baada ya hapo ongeza spana zako mbili tatu kwa mujibu wa ile karatasi, bisibisi moja nzuri, kitambaa, mswaki mkuukuu na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Ukifungua pedali, kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume na ya kulia. Mimi nilining'inia juu ya spana robo saa kabla sijaambiwa.

Hayo mafuta msiyadharau. Kemia ya Kidato cha Kwanza ilitufundisha kuwa chuma hupata kutu kwa maji na hewa, na chumvi huharakisha. Sisi wa Gazi, Msambweni na Diani tunaishi ndani ya chumvi. Upepo wenyewe ni chumvi. Kila Jumamosi futa cheni, itie mafuta kidogo, kisha futa tena yaliyozidi yasishike mchanga. Mafuta ya kupikia yaache jikoni, kwa kuwa huganda yakawa utando wa kunata. Fauka ya hayo, kifaa cha kupimia cheni unacho tayari ndani ya mkoba wako: rula. Pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni nzima itakuwa inchi 12 barabara. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, anza kutafuta nyingine. Ikizidi kwa 1/8, imeshaanza kukula meno, na meno ni ghali kuliko cheni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema ninamnyang'anya fundi tonge mdomoni. Siwezi kusema hapotezi kitu. Zile hamsini hamsini zangu hazimfikii tena. Lakini kazi ya kunyoosha gurudumu lililopinda, kubadilisha gololi na kugonga kotapini bado ni yake, na mimi humpelekea mapema kabla mambo hayajaharibika. Nilimwuliza kama ananichukia. Akajibu, "Afadhali uniletee baiskeli iliyochoka kuliko uniletee iliyokwisha kuuawa."

Wa pili watasema, kwa nini ujisumbue, si upande bodaboda? Nauli ya kila siku, kwenda na kurudi, ni nani wetu anayo? Na hata jina hilo bodaboda lilianza na baiskeli, kule mpakani Busia, zikivusha watu baina ya Kenya na Uganda. Tusizidharau.

Wa tatu ni wale wanaosema ati msichana na spana wapi na wapi. Hao sina la kuwajibu. Wakipata pancha karibu na kwetu, waje tu, nitawaazima pampu.

Sasa nageukia shule yetu tukufu. Juma lililopita nilihesabu baiskeli zilizoegemezwa chini ya mwarobaini: thelathini na nne. Pampu katika shule nzima, hakuna hata moja. Naomba kwa heshima na taadhima, chama chetu na walimu wetu watuunge mkono tuwe na kijisanduku cha shule. Kila mwenye baiskeli akitoa shilingi 20 kwa muhula, tunapata 680. Hazitoshi kununua kila kitu, na ndivyo inavyofaa, kwa sababu tutalazimika kuchagua. Muhula wa kwanza pampu na vya pancha. Wa pili spana. Haba na haba hujaza kibaba. Kiwepo kabatini, na kila anayeazima aandike jina lake daftarini, kiranja athibitishe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudia mikono yetu nayo isome. Sisi tunaokaribia kuufunga ukurasa wake tusiondoke bila kujua kuziba tyubu.

Nimeifikiria sana ile methali. Nadhani wahenga walimlenga mvivu anayefika kondeni, wenzake wameshalima, yeye bado anageuzageuza majembe akitafuta kisingizio. Huyo kweli si mkulima. Lakini hawakutuambia tukifika dukani tufumbe macho. Mkulima wa kweli huchagua jembe mara moja, kwa makini, siku ya kununua, kisha kondeni halichagui tena.

Lile sanduku jekundu bado liko nyumbani. Mama huhifadhia vifungo na nyuzi. Spana yangu namba 15 niliinunua peke yake, baada ya kuuza mabuyu miezi miwili zaidi, na siku niliyoileta nilimkabidhi baba kwanza. Akaivisha kwenye nati ya gurudumu la nyuma, akaitikisa. Haikucheza. Akanirudishia, akasema, "Kaza wewe."

Nikakaza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu