Msiwasingizie Wazee, Laumuni Flashi Zenu

Kuna kauli moja inazagaa vijiweni hapa Songea, kuanzia Mfaranyaki mpaka Lizaboni, nami nimeichoka. Eti nyimbo za zamani ni nzuri ila zilirekodiwa kienyeji, eti waimbaji wake wanasikika kama watu waliofungiwa ndani ya pipa, na eti ukitaka kuzifaidi garini shurti ufunge bufa la nguvu. Nimeisikia kwa madereva wa bajaji, nimeisikia kwa makonda, na majuzi nimeisikia kwa mwenzetu mmoja anayeandika mashairi mazuri tu. Huyo ndiye aliyenichokoza mpaka nikashika kalamu. Jamani, mnawasingizia marehemu!

Mimi nimeishia kidato cha nne. Sina cheti cha ufundi redio, wala sijawahi kufungua redio ikafungika tena. Naandika riwaya, huu mwaka wa tatu na haijaisha. Lakini masikio ninayo mawili, na ninaye mjomba mwenye teksi, Toyota Corolla ya zamani ambayo redio yake bado ni ile iliyotoka nayo Japani: mdomo wa kaseti juu, mdomo wa CD chini. Watu humcheka. Fundi mmoja kila wiki anamwambia, "Mzee, toa hilo dude nikufungie skrini." Mjomba anamjibu, "Kesho." Hiyo kesho ina miaka sasa.

Kwanza msomaji lazima aelewe jambo moja kuhusu magari yetu haya ya Kijapani. Kule kwao redio ya FM ilianzia megahezi 76 ikaishia 90, na magari mengi tunayoyanunua yametengenezwa kwa kipimo hicho. Huku kwetu vituo viko kati ya 88 na 108. Maana yake gari linashuka bandarini Dar es Salaam likiwa kiziwi. Linasikia ukingo mdogo tu wa redio zetu, kuanzia 88 mpaka 90, basi. Ndipo fundi anapachika ekspanda kwenye waya wa antena. Hiki ni kidude kinachoteremsha mawimbi yote ili redio iyadhanie ya nyumbani. Kwenye gari la mjomba, kituo kilichoko 102 kinaandikwa 84. Sauti inapita, sikatai, lakini inapita kwa mkalimani, na mkalimani wa bei rahisi ana kigugumizi.

Juu ya hapo mjomba, kama nusu ya madereva wa mji huu, ana modulata. Mnaijua: kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara, chenye tundu la flashi na chenye Bluetooth. Watu wanadhani modulata inapiga muziki. Modulata ni kituo kidogo cha redio! Inasoma wimbo kwenye flashi, inaurusha hewani kwa FM, antena ya gari inaudaka, ekspanda inaushusha, redio inaufasiri, ndipo spika zinatikisika. Wimbo uko sentimita chache kutoka kwenye redio, lakini umezungushwa kama barua ya kutoka Mjimwema kwenda Bombambili iliyopitishiwa Dar. Na ukiondoka mjini kuelekea Peramiho, kilomita kama 24 tu, ukikutana na kituo chenye mawimbi hayo hayo, mhubiri anaingia katikati ya wimbo wa mapenzi. Yametukuta. Abiria alisema amina.

Basi Jumapili moja jioni tuliegesha gari njia ya Matogoro, injini imezimwa, vioo vimepandishwa, tukafanya mtihani. Wimbo ulikuwa mmoja, "Zuwena" wa Marijani Rajabu na Dar International. Tulikuwa nao kwenye flashi, tukawa nao kwenye kaseti ambayo mjomba aliinunua Dar mwanzoni mwa miaka ya 90, na tukawa nao kwenye CD ya dukani, siyo ya kuchoma. Niliweka daftari magotini.

Flashi kwa modulata ilitangulia. Ndiyo sauti ambayo mji mzima unaijua: nzito chini, kali juu, katikati hamna kitu. Kila mwimbaji akifika kwenye herufi "s" inatoka cheche, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Magitaa yamegandana kuwa uji.

Kisha mjomba akatoa kwenye droo kitu ambacho nilikuwa sijakiona: kaseti bandia yenye waya. Unaitumbukiza mdomoni kwa redio kama kaseti halisi, waya unauchomeka kwenye tundu la hedifoni la simu, na ndani yake kuna kichwa kidogo kinachokiimbia kile cha redio. Tukachukua wimbo ule ule wa kwenye flashi, faili lile lile, tukaupitisha huko. Nikaandika: "Cheche zimepungua. Hewa ipo." Faili halikubadilika hata chembe, kilichobadilika ni njia. Hapo nusu ya kesi yangu ilikuwa imekwisha, ila nilitaka nusu ya pili.

Ikaja kaseti yenyewe. Sitawadanganya, ilivuma. Ule upepo wa kaseti mnaujua, na mahali pawili utepe uliyumba mpaka gitaa likawa kama limelewa. Kaseti ya kawaida hutembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na utepe wake ni mwembamba, kwa hiyo juu kabisa inakatika. Lakini sauti ya mtu! Mwimbaji alikaa mbele yetu kama abiria. Niliwasikia wakivuta pumzi. Hii ndiyo rekodi mnayoiita ya kienyeji?

CD ilikuja mwisho na ikashinda, sina ubishi. Upepo hakuna, kuyumba hakuna. Kila sekunde ya CD imekatwa vipande 44,100, na inabeba mpaka zile sauti nyembamba ambazo sikio la kijana linaweza kuzipata na la mjomba haliwezi tena. Yeye alisema CD na kaseti ni sawasawa. Nilimheshimu, nikaandika la kwangu.

Sasa niambieni. Kama nyimbo hizi zilirekodiwa vibaya, ule uzuri uliokuwa kwenye CD ulitoka wapi? CD haina uwezo wa kuongeza pumzi ambayo mwimbaji hakuivuta. Bendi nyingi za enzi hizo zilirekodi kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu kubwa, wanapiga wote kwa pamoja. Ukikosea mnarudia wote. Hapakuwa na mashine ya kumnyoosha asiyejua kuimba. Hao ndio mnaowaita wa kienyeji, nyinyi mnaosikiliza faili lililokamuliwa.

Nasema kukamuliwa kwa makusudi. MP3, iliyotengenezwa na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani na kupewa jina hilo mwaka 1995, ni ufundi wa kutupa. Inakisia ni sauti zipi sikio halitazikumbuka, inazitupa, na kinachobaki kinakaa mahali padogo. CD inatiririsha kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 inabakiza kama sehemu moja kati ya kumi na moja. Ikifanywa kwa uangalifu kutoka kwenye nakala safi, watu wengi garini hawatambui, na mimi mwenyewe nisiape. Lakini faili letu la flashi lilikuwa la 64! Na lilikuwa limekamuliwa kutoka kwenye faili lingine lililokwisha kukamuliwa. Kila banda linalokuingizia nyimbo limenakili kwa banda jingine. Halafu kuna wajanja wanaolichukua faili la 64 na kuligeuza liandikwe 320, wakitamba ni "orijino." Ukishamwaga maji ukachukua ndoo kubwa zaidi, maji yanarudi?

Wenye mabanda hujitetea kwamba wanabana nafasi. Enzi za memori kadi ya MB 256 ningewaelewa, maana kwa 128 hupati hata saa tano za muziki. Leo flashi ndogo kabisa ya GB 4 inabeba kama saa 69 kwa 128, na kwa 320 inabeba saa 27. Basi linatoka Songea mpaka Dar es Salaam, linapita Makambako, linapita Iringa, linafika, na flashi bado haijarudia wimbo. Nafasi tunaibania nini?

Mtasema, dogo anapiga kelele kwa ajili ya cheche za "s". Ngojeni niwaeleze kidonda changu.

Kiswahili changu nusu nimekipata darasani, nusu nimekipata kwenye viti vya nyuma vya magari. Vitabu vina bei, nyimbo hazina. Kuna wimbo mmoja, sitautaja maana mtanicheka milele, niliousikiliza miaka sita kwenye gari la mjomba kwa flashi na modulata. Ndani yake mama anamwendea mwanawe mbele ya watu, na nikawa nasikia wazi kabisa kwamba akamsuta. Picha ile ilinishika. Mama kumsuta mwanawe hadharani! Nikaijengea sura ya nne ya riwaya yangu, kurasa arobaini na moja kwa mkono, majirani wamezunguka, mama amefunga kanga kiunoni, maneno yanamwagika. Niliwasomea wenzangu, wakapiga makofi.

Jioni ile ya Matogoro, baada ya "Zuwena," mjomba akageuza kaseti upande wa pili, na wimbo wangu ukaja. Mama hakumsuta mtu. Akamfuta. Alimfuta mtoto machozi.

Nikamwambia mjomba arudishe nyuma. Akarudisha. Akamfuta. Akarudisha tena. Mjomba akaniuliza, "Mjomba, kuna nini?" Nikamwambia hamna kitu.

Herufi "f" na "s" zinatofautiana kwa pumzi nyembamba tu, na pumzi hiyo inaishi juu, kule kule ambako faili la 64 linakata na modulata inachoma. Ndiyo maana kwenye simu mtu akikutajia jina lake unamuuliza mara mbili. Na Kiswahili hakina msamaha katika hili: thamani na samani, sari na shari, futa na suta. Mtu wa muziki wa kucheza tu anaweza kusema besi ipo, inatosha. Mtu wa maneno hawezi kusema hivyo. Wewe mwenzangu wa mashairi, uliyesema wazee walirekodi kienyeji, una uhakika mistari unayoisifia ndiyo waliyoiimba?

Nakubali hoja moja ya wapinzani wangu, kwa sababu ni ya kweli. Gari likitembea, mlio wa injini na matairi hufunika mengi. Tulijaribu wakati wa kurudi: kwenye mwendo, upepo wa kaseti ulipotea kabisa, na tofauti ya kaseti na CD ikabaki ndogo kama kucha. Lakini modulata ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu dereva anaongeza sauti ili ashindane na injini, na anachoongeza ni zile cheche. Wala sisemi enzi za kaseti ilikuwa pepo. Na wao walikuwa na mabanda yao ya kunakili kaseti kwa kaseti, kila nakala na upepo wake juu ya upepo wa mama yake, na ukiiacha kaseti juani kwenye dashibodi imekwisha. Tabia ni ile ile, tumebadilisha vyombo tu.

Ila lipo la bufa, na hili silisamehi. Nimeona kijana amefunga kwenye bajaji bufa la bei inayotosha kununua CD za dukani hamsini, na ndani yake anapitisha faili la 64 kwa Bluetooth. Bluetooth nayo, kabla haijarusha, kwa kawaida inaukamua wimbo upya. Bufa haliwezi kuokoa neno. Linachofanya ni kulitikisa kosa mpaka lisikike Ruhuwiko. Ningekuwa na pesa yake ningenunua waya wa AUX, ule wa bei ya soda chache, kwa redio zenye tundu lake, na pesa iliyobaki ningetafuta nakala safi ya nyimbo ninazozipenda, kila moja kutoka mahali palipo karibu zaidi na ilikorekodiwa. Nyimbo kumi za kusikika ni bora kuliko mia tisa za kuhesabiwa. Banda likikupa faili, uliza la ngapi, na limetoka wapi. Akikuangalia kama mwehu, ondoka.

Anayebisha aje. Mtihani ni rahisi: gari moja limesimama, vioo juu, wimbo mmoja, njia mbili, na mwenzako anabadilisha bila wewe kuona. Mjomba amekubali kutoa gari Jumapili, mafuta juu yenu.

Sura ya nne nimeichana. Nimeandika upya ukurasa mmoja na nusu tu, mama ana upande wa kanga mkononi na hasemi neno, na sijui kama inafika kwenye ubora wa ile ya kwanza. Fundi wa skrini amepita tena juzi. Mjomba amemwambia kesho, kisha akawasha modulata, kwa sababu, anasema, abiria wanaipenda ikipiga kelele.